Uso wa Maji na Uso wa Mtu: Jinsi Salfeti Zinavyosafisha Ngozi

Utangulizi

Katika Kiswahili, neno uso hubeba maana zaidi ya moja. Ni sehemu ya mbele ya kichwa cha binadamu, ambayo wahenga walisema imeumbwa na haya. Ni pia upande wa juu wa kitu, kama tusemapo uso wa maji, uso wa dunia au uso wa meza. Upana huu wa maana una manufaa makubwa kwa mada ya makala haya. Viambato tunavyokusudia kuvieleza hufanya kazi kwanza juu ya uso wa maji, kisha juu ya uso wa mtu. Na sifa zao, njema na mbaya, hudhihirika pale nyuso hizo mbili zinapokutana.

Viambato hivyo ni salfeti zinazotiwa katika sabuni za majimaji za kuoshea uso, shampuu na dawa za meno. Zilizo maarufu zaidi ni mbili: sodiamu lauri salfeti, ifupishwayo SLS, na sodiamu laureti salfeti, ifupishwayo SLES. Majina yao huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya chupa. Watumiaji wengi huzipaka usoni kila asubuhi bila kujua ni nini. Wengine nao wamesikia kwamba ni sumu, wakazikimbia bila kujua kwa nini. Makundi haya mawili yanatofautiana kwa vitendo, lakini yana upungufu mmoja: hayajapata kuelezwa jambo lenyewe kwa lugha wanayoielewa.

Makala haya yananuia kueleza namna salfeti zinavyofanya kazi, kisha kuzipima lawama zinazoelekezwa kwazo. Hoja yetu kuu ni kwamba nguvu ya salfeti ya kuondoa uchafu na uwezo wake wa kuiudhi ngozi hutokana na umbo lilelile la molekuli. Kwa hivyo, swali la maana si iwapo salfeti ni njema au mbaya, bali ni kiasi gani kimetumika, kimechanganywa na nini, na kimekaa juu ya ngozi kwa muda gani.

Suala la Istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa tuamue tutaviitaje viambato vya jamii hii. Wanakemia huvitambua kwa tabia yao ya kukusanyika kwenye uso wa kimiminika na kupunguza mvutano wake. Sabuni ya mche ni mmoja wao, salfeti ni mwingine, na wapo wengine wengi. Kiswahili kina utaratibu wenye rutuba wa kuunda nomino kwa kuambatanisha kitenzi na nomino, kama inavyodhihirika katika kipimajoto, kipazasauti na kinasasauti. Kwa kufuata utaratibu huo, makala haya yanapendekeza neno kilegezauso, wingi wake vilegezauso. Neno hili lina faida ya kutaja kazi ya kitu chenyewe: hulegeza uso wa maji uliokaza. Hili ni pendekezo tu, na mlango u wazi kwa wanaleksikografia kulikubali, kulirekebisha au kulikataa.

Uso wa Maji

Molekuli za maji huvutana kwa nguvu. Molekuli iliyo katikati ya ndoo huvutwa na wenzake kutoka pande zote, hivyo mivuto hiyo husawazishana. Iliyo juu kabisa haina wenzake upande wa hewani; huvutwa kwenda ndani na kando tu. Matokeo yake ni kwamba uso wa maji hukaza mithili ya nguo iliyowambwa. Ndiyo sababu wadudu wengine huweza kutembea juu ya kidimbwi bila kuzama. Ndiyo sababu pia tone la maji lililoanguka juu ya jani la nduma hujikunyata likawa kama ushanga, kisha likaviringika bila kulilowesha jani. Mvutano huu hupimika: kwa maji safi yenye joto la nyuzi 25 za selsiasi, ni takribani milinyutoni 72 kwa kila mita.

Uso wa binadamu unafanana kidogo na jani hilo. Tezi zilizo ndani ya ngozi, hasa za paji la uso na pua, hutoa mafuta yanayoilainisha ngozi. Mafuta hayo huchanganyika na vumbi, jasho, seli zilizokufa na masalio ya vipodozi. Maji matupu yakimwagwa juu ya mchanganyiko huo hayapenyi. Huondoa vumbi la juujuu na chumvi za jasho, lakini mafuta hubaki. Si bure kwamba watu wasiopatana husemekana kuwa kama maji na mafuta.

Kichwa na Mkia

Molekuli ya SLS ina sehemu mbili zenye tabia kinzani. Ya kwanza ni mkia mrefu wa atomi 12 za kaboni zilizoshikana kwa mstari na kuzungukwa na haidrojeni. Mkia huu una asili ya mafuta. Ya pili ni kichwa kifupi chenye atomi moja ya salfa na atomi nne za oksijeni, kikiwa na chaji hasi. Kando ya kichwa hicho huwepo sodiamu yenye chaji chanya, ambayo hujitenga mara molekuli inapoingia majini. Kichwa hupenda maji, mkia huyachukia.

Mwanafunzi wa fasihi atatambua mara moja kwamba hapa pametumika tashihisi, kwani molekuli haina moyo wa kupenda wala wa kuchukia. Maana halisi ni hii: chaji ya kichwa huvutana na molekuli za maji, ilhali mkia hauna chaji ya kuvutana nazo vivyo hivyo. Mkia ukiwa majini, molekuli za maji hulazimika kujipanga upya kuuzunguka. Mpangilio usiosumbua sana ni ule unaouondoa mkia majini.

Salfeti chache zikitiwa majini, nyingi hukimbilia kwenye uso. Huko husimama vichwa vikiwa ndani ya maji na mikia ikielekea hewani. Kwa kujipenyeza baina ya molekuli za maji, hupunguza kuvutana kwao, na mvutano wa uso hushuka kutoka zile milinyutoni 72 hadi chini ya 40. Maji yaliyokuwa yakijikunyata sasa hutandaa na kulowesha ngozi.

Salfeti zikizidi kuongezwa, uso wa maji hujaa. Zinazobaki hutafuta mbinu nyingine: hukusanyika ndani ya maji katika vifungu vya mviringo, mikia ikifichwa katikati na vichwa vikitazama nje. Kifungu cha namna hii huitwa miseli. Kwa SLS katika maji safi, miseli huanza kuundika mkolezo unapofikia takribani gramu 2.3 kwa lita, na kila miseli huwa na molekuli zipatazo 60. Wazo kwamba molekuli za sabuni hujikusanya hivi lilitolewa na James William McBain, mwanakemia mzaliwa wa Kanada, alipokuwa akifanya kazi Bristol, Uingereza, mnamo mwaka wa 1913.

Namna Uchafu Unavyong'olewa

Tunaweza sasa kufuata hatua za usafishaji wenyewe. Kwanza, maji yaliyolegezwa uso hutandaa juu ya ngozi na kufika kwenye mikunjo na vinyweleo. Pili, mikia ya salfeti hujichoma ndani ya tabaka la mafuta, huku vichwa vikibaki majini. Tatu, kwa msaada wa vidole vinavyosugua, mafuta hukunjwa taratibu, yakabadilika kutoka utando hadi matone, na matone hayo yakang'oka. Nne, kila tone hubaki limevikwa vichwa vyenye chaji hasi. Kwa kuwa chaji za aina moja husukumana, matone hayaungani tena wala hayarudi kwa urahisi kwenye ngozi. Mafuta mengine humezwa katikati ya miseli. Hatimaye maji ya kusuuza huvichukua vyote.

Mfano wa mafuta yaliyotawanyika majini tunao jikoni. Tui la nazi ni matone madogo ya mafuta yanayoelea katika maji, yakizuiwa kuungana na protini zilizoyavika. Mpishi hukoroga tui lisikatike, yaani matone yasije yakaungana na mafuta yakajitenga. Salfeti hufanya juu ya uso wa mtu kazi inayofanana na ile ya protini ndani ya sufuria ya tui.

Vipi kuhusu povu? Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya kuta nyembamba za maji, na vilegezauso huzifanya kuta hizo zidumu. Salfeti hutoa povu jingi, nasi tumezoea kudhani kwamba wingi wa povu ndio wingi wa usafi. Dhana hiyo si sahihi. Vipo vilegezauso visivyotoa povu la haja na bado husafisha vyema. Povu humpendeza mtumiaji na humwonyesha alipokwisha kupaka, lakini kazi ya kung'oa mafuta hufanyika pale maji yanapogusana na ngozi.

Kwa Nini Salfeti na Si Sabuni?

Sabuni ya mche ni kongwe kuliko salfeti kwa karne nyingi. Hutengenezwa kwa kuunganisha mafuta na magadi makali, na kemia yake ilifafanuliwa na Mfaransa Michel Eugène Chevreul katika kitabu chake cha mwaka wa 1823. Nayo ina kichwa na mkia. Tofauti ipo kichwani, na tofauti hiyo ndogo ina athari mbili kubwa.

Athari ya kwanza huonekana katika maji magumu. Maji ya visima vingi huwa na kalsiamu na magnesiamu. Kichwa cha sabuni hushikamana na madini hayo na kufanya utando mweupe usioyeyuka. Yeyote aliyefua kwa maji ya kisima cha namna hiyo anajua jinsi sabuni inavyokwisha kabla ya povu kutokea. Kichwa cha salfeti hakishikwi kwa urahisi namna hiyo; SLES hasa hustahimili sana maji magumu.

Athari ya pili inahusu uasidi. Uso wa ngozi yenye afya una asidi kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5. Sabuni ya mche ina pH ya 9 hadi 10. Haiwezekani kuishusha hadi kiwango cha ngozi, kwa sababu kichwa chake kikikutana na asidi hupoteza chaji na sabuni hugeuka mafuta. Kichwa cha salfeti hakipotezi chaji katika asidi hafifu. Kwa hivyo, mtengenezaji aweza kuunda kisafishio chenye pH inayokaribia ile ya ngozi.

Sifa hizi ndizo zilizozifungulia salfeti soko. Nchini Ujerumani, sabuni ya unga ya Fewa iliyotokana na salfeti za namna hii ilianza kuuzwa mwaka wa 1932. Nchini Marekani, kampuni ya Procter & Gamble ilitoa Dreft mwaka wa 1933 na shampuu ya Drene mwaka wa 1934. Malighafi yake nayo si ngeni kwa watu wa Pwani. Takribani nusu ya asidi za mafuta zilizo katika mafuta ya nazi ni asidi ya lauri, yenye kaboni zilezile 12. Mafuta ya nazi au ya kokwa za mawese hugeuzwa kiwandani kuwa alkoholi yenye mkia mrefu, alkoholi hiyo ikaunganishwa na salfa yenye oksijeni, kisha ikatulizwa kwa hidroksidi ya sodiamu. Kwa hiyo, yule anayesifu mafuta ya nazi kuwa ya asili na kuilaani salfeti kuwa ya kiwandani huenda anazungumzia mkia mmoja.

Uso wa Mtu

Kizuri hakikosi ila, na ila ya salfeti yapaswa kuelezwa bila kupunguza wala kutia chumvi. Tabaka la nje kabisa la ngozi ni jembamba mno. Unene wake ni sehemu ndogo ya milimita. Wataalamu hulifananisha na ukuta wa matofali. Seli bapa zilizokufa, zilizojaa protini iitwayo keratini, ndizo matofali. Saruji ni mafuta maalumu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta huu huzuia maji ya mwilini yasitoroke na huzuia vitu vya nje visiingie.

Salfeti haina macho ya kutofautisha mafuta machafu ya juu na mafuta ya saruji. Mkia unaochomeka katika la kwanza huweza kuchomeka katika la pili. Isitoshe, salfeti hujishikiza kwenye keratini na kuivimbisha, na viini vinavyotunza unyevu ndani ya seli huweza kuoshwa pamoja na uchafu. Mtu huhisi ngozi imebana baada ya kunawa. Baadaye hupauka, huwasha au kuwa nyekundu. Wengi huisifu hali ile ya kubana wakiiita usafi, ilhali mara nyingi ni dalili kwamba kilichoondolewa ni zaidi ya uchafu. Walio na ukurutu, ambao ukuta wao tayari una nyufa, huathirika mapema na kwa uzito zaidi.

Lawama na Ukweli

Katika miaka ya mwisho ya 1990, barua pepe zilisambazwa zikidai kwamba SLS husababisha saratani. Dai hilo limedumu, limehamia mitandao ya kijamii na limetafsiriwa katika lugha nyingi. Hakuna ushahidi wa kisayansi unaolithibitisha. Hata hivyo, yapo mambo mawili ya kweli ambayo yamechangia hofu hii, na ni haki yaelezwe.

La kwanza ni kwamba madaktari wa ngozi hutumia SLS makusudi kuichokoza ngozi katika majaribio, ili wapime dawa za kuituliza. Lakini katika majaribio hayo, SLS hufungiwa chini ya bandeji, mara nyingi kwa saa 24. Anayenawa huigusa kwa sekunde chache, kisha huisuuza. Jopo la wataalamu la Marekani linalokagua viambato vya vipodozi lilitoa uamuzi mwaka wa 1983 unaotilia maanani tofauti hiyo: SLS ni salama katika bidhaa zinazotumiwa kwa muda mfupi na kusuuzwa vizuri, na katika bidhaa zinazokaa juu ya ngozi isizidi asilimia 1.

La pili linahusu SLES. Utengenezaji wake huweza kuzalisha masalio ya kemikali iitwayo dioksani, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiorodhesha miongoni mwa zile zinazoweza kusababisha ugonjwa huo kwa binadamu. Masalio haya si kiambato kinachotiwa kwa makusudi, na kiwanda makini huweza kuyapunguza sana. Jimbo la New York nchini Marekani liliweka vikomo vya kisheria vilivyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka wa 2022. Suala hapa basi ni udhibiti wa viwanda, wala si kilegezauso chenyewe.

Kuitia Salfeti Adabu

Watengenezaji wana mbinu kadhaa za kupunguza ukali. Mbinu mojawapo ni kutumia SLES badala ya SLS. Baina ya kichwa na mkia wa SLES huongezwa vipande vyenye oksijeni, kwa kawaida kimoja hadi vitatu, tunavyoweza kuviita shingo. Shingo hii huongeza ukubwa wa sehemu ipendayo maji, huifanya miseli iundike katika mkolezo mdogo zaidi, na hupunguza mshikamano wa molekuli na keratini.

Mbinu nyingine ni kuchanganya. Salfeti ikiwekwa pamoja na betaini itokanayo na mafuta ya nazi, ambayo kichwa chake kina chaji hasi na chanya kwa pamoja, vichwa hupangika kwa utulivu zaidi ndani ya miseli. Salfeti chache hubaki zikitangatanga peke yake, na ukali hupungua bila povu kupotea. Aidha, huongezwa gliserini ili kuhifadhi unyevu. Kutokana na haya, bidhaa mbili zenye jina moja la salfeti huweza kutofautiana mno. Zipo pia bidhaa zisizo na salfeti zilizo kali kuliko zilizo nazo.

Msomaji naye ana nafasi yake. Atazame orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida huanza na kilicho kingi zaidi: je, ni SLS au SLES? Je, imefuatwa na betaini? Atumie kiasi kidogo, maji ya uvuguvugu badala ya moto, asikawie, asuuze vizuri, kisha apake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Ngozi ikizidi kubana au kuwasha, abadilishe bidhaa. Dalili zikidumu, amwone daktari.

Hitimisho

Tumeona kwamba salfeti ni kilegezauso chenye kichwa na mkia. Kwamba umbo hilo ndilo linaloyapatanisha maji na mafuta. Na kwamba umbo hilohilo ndilo linaloweza kuubomoa ukuta wa ngozi likitumiwa bila kiasi. Anayelielewa jambo hili hahitaji kuogopa kila uvumi, wala haamini kila tangazo.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa kikamilifu. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyohiyo kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, vinatukabidhi kazi sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa msomaji bado haijamfikia. Istilahi tunazoziunda katika semina zetu zisiishie kwenye mitihani. Ziende zikaeleze kilicho ndani ya chupa iliyo bafuni, ili mama anayemwogesha mwanawe mwenye ukurutu ajue anachokipaka na kwa nini akisuuze mapema.